Matundu Matatu Kwenye Pipa

Alhamisi, 28 Novemba 1996

Nimeosha mapipa tangu asubuhi. Majivu, mchanga, maji ya moto, kisha sabuni ya kipande. Yako kumi na moja, ya bluu, mfuniko wa kuzungusha. Mgongo unauma. Leo soko zima la Kiboriloni limesalimia kisogo changu.

Pantaleo, anayeniuzia mapipa, aliyashusha jana kwenye lori lake. Anasema yalikuwa ya sabuni ya maji, yamepitia mpakani Holili. Mzigo uliopita alisema yametoka Arusha. Karatasi za ubavuni zimekwanguliwa zote, moja moja, kwa uangalifu. Nimenusa. Ndimu. Nikamuuliza mtu anakwanguaje karatasi ya sabuni, ana aibu gani na sabuni. Akacheka. Akasema bado nina ugonjwa wa ghala.

"Soko huria hili, mzee. Mkaguzi ni mteja mwenyewe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Na si maneno ya kijinga. Nimetunza ghala la dawa za kahawa la ushirika miaka kumi na tisa, wakaguzi nawajua. Wa mwisho alikuwa anatia sahihi daftari langu nyumbani kwangu, anakula mtori wa mke wangu, ghala lenyewe hajalikanyaga. Siku zile hata ndoo ilitaka kibali. Leo ndoo zimejaa mpaka barabarani. Ushirika uliniachisha kazi kwa barua ya mistari mitatu. Siulilii.

Ila tindo niliondoka nayo. Ninayo chini ya meza. Kila pipa la dawa lilipokwisha, kabla halijatoka mlangoni, nililitoboa matundu matatu: mawili kitakoni, moja ubavuni karibu na chini. Asije mtu akalitekea maji. Watu walinichukia. Kijiji hakina vyombo, na mimi natoboa pipa zima mbele ya macho yao. Wakaniita Deo Matundu. Katika kazi zote za ghala, hiyo ndiyo pekee niliyoifanya kila mara bila kusimamiwa na mtu.


Jumapili, 1 Desemba

Baada ya misa nimepanda Kirua Vunjo kumwona dada Filomena. Mjukuu wake anapata kipaimara tarehe 15. Ukoo wote utakuwepo, na watoto wa mijini wanaanza kurudi kwa Krismasi. Mbege, pombe yetu ya ndizi, atapika yeye. Kirua nzima hakuna anayempita. Marehemu mume wake alimwachia kihamba cha migomba na madeni, ni mbege iliyowasomesha wanawe, Kalisti na wenzake.

Mtumbwi wake wa mti wa kuchachulia ndizi umepasuka. Ulikuwa wa mama yetu. Ameuziba kwa nta, ukavuja. Ameuziba kwa kinyesi cha ng'ombe, ukavuja. Hakuniomba kitu. Alinionyesha tu ule ufa, kisha akaanza kuzungumzia mvua. Ndiyo namna yake ya kuomba.

Nikamwambia nitamletea pipa.


Jumanne, 3 Desemba

Nimempelekea. Nilichagua lililo zuri kuliko yote, nikaliosha mara mbili zaidi. Sikumuuzia, nimempa. Naandika hivi ili nikumbuke kwamba nia ilikuwa njema.

Mke wangu, Mama Neema, alilinusa kabla sijalipakia. Akasema chini ya ndimu kuna kitu. Nikamwambia ni plastiki. Akasema plastiki anaijua. Nikamjibu vibaya, nikamwambia aniachie kazi yangu. Pua yangu mimi ilikufa zamani mle ghalani. Miaka miwili ya mwisho nilikuwa sisikii tofauti ya dawa na uji.

Dada alilipigapiga ubavu kama anayenunua ng'ombe. Akafurahi. Alisema sasa amekuwa mtu wa kisasa, mbege yake itachachukia Ulaya.


Ijumaa, 6 Desemba

Nimeuza mapipa mawili. Moja kwa mwalimu wa Uru, la kukingia maji ya mvua. Moja kwa mama mwenye genge la chakula. Wote waliuliza lilikuwa na nini. Wote niliwajibu sabuni. Kwa nini nisiseme sabuni? Ndicho nilichoambiwa.

Dada amekwisha kupika ndizi na kuzimimina. Kalisti mwanawe alipita hapa, ndiye aliyeniambia. Sasa zinachacha.


Jumatano, 11 Desemba

Biashara nzuri. Mapipa sita yamekwenda. Watu wanajiandaa kwa sikukuu.

Kalisti amepita tena kununua ulezi wa kuongezea. Anasema mama tumbo linamsumbua, na mate yanamjaa mdomoni. Hataki kulala, anasema ni wasiwasi wa shughuli. Kila asubuhi anaonja. Hiyo ni lazima, mpishi wa mbege asiyeonja ni sawa na padri asiyesali. Anasema safari hii uchungu umekuja mapema, hata msesewe hajatia. Msesewe ndilo gome la kuipa mbege ukali. Uchungu umetoka wapi kama gome halijaingia?

Nilisikia maneno hayo. Nilikuwa namhesabia mteja mifuniko. Nikamwambia Kalisti amchemshie mama tangawizi.


Jumamosi, 14 Desemba

Nitaandika kwa ufupi.

Leo wazee wa ukoo walikwenda kuionja mbege kabla ya shughuli ya kesho. Sita, wamekaa kwenye benchi mgombani. Desturi yetu haina ubishi: anayekukaribisha anakunywa kwanza, mbele yako, uone kwamba hakukutilia kitu. Filomena alichota kata ya kwanza. Akanywa yote. Hakuionja tu, alikunywa mpaka chini, maana ni wazee na ni heshima. Akafuta mdomo. Akasema kali kidogo. Akaketi chini, hakuketi kwenye kigoda.

Kisha jasho, mate, matapishi, mkojo. Mtu mzima wa miaka sitini mbele ya shemeji zake.

Hakuna mzee aliyekunywa. Wamembeba kwenye pikapu ya jirani mpaka hospitali ya mjini. Nimemkuta pale. Daktari kijana alimfunua jicho, akaniuliza kama nyumbani kuna dawa ya kunyunyizia kahawa. Mboni zilikuwa ndogo kama punje ya ulezi.

Nilijua pale pale. Dalili hizo zilibandikwa kwenye ukuta wa ghala langu. Nilizisoma miaka kumi na tisa.


Jumapili, 15 Desemba

Hajitambui. Kipaimara kimefanyika bila sherehe. Mjukuu amekuja wodini na gauni lake jeupe. Filomena hakumwona.

Nimemwambia daktari kuhusu pipa. Aliandika. Sijui aliandika nini.


Jumatatu, 16 Desemba

Amefariki saa nne asubuhi.


Jumanne, 17 Desemba

Polisi mmoja alikuja hospitalini jana, sikuwa na nguvu ya kuandika. Kijana mpole. Alimuuliza Kalisti kama mama alikuwa na ugomvi na mtu, kama alikuwa na madeni, kama alikuwa na huzuni. Nilielewa anakokwenda. Wanawake wanaoletwa na dawa ya kahawa tumboni, hapa kwetu, wengi wameinywa wenyewe. Ana karatasi moja kwa wote.

Nikamwambia ni pipa. Nikamwambia nimeliosha mimi, nimelipeleka mimi, jina langu ni hili, kibanda changu kiko pale. Nilinyoosha na mikono nifungwe pingu, kama mpumbavu.

"Pipa haliui mtu, mzee," alisema. "Pole sana kwa msiba."

Karatasi inasema amekunywa dawa ya mashamba. Basi. Haisemi kwa nini, kwa hiyo kila mtu atajaza mwenyewe. Jioni nimesikia bombani wanawake wawili wakisema masikini Mama Kalisti, kumbe alikuwa na yake moyoni. Waliponiona wakanyamaza. Dada yangu, mtu aliyekuwa anaimba akimenya ndizi. Sitaki azikwe na uongo huo.


Alhamisi, 19 Desemba

Tumemzika kihambani, karibu na mume wake. Paroko alikubali kusoma misa. Najua alimvuta Kalisti pembeni kwanza.

Kabla ya misa nilikwenda nyuma ya nyumba. Wanawake wa jirani walikuwa wanapika. Katikati yao limesimama pipa la bluu, limejaa maji mpaka juu. Mbege Kalisti alikuwa ameimwaga mtaroni. Pipa wakaona ni chombo kizuri, msibani vyombo havitoshi, wakalisugua kwa sabuni na mchanga. Kama nilivyolisugua mimi. Binti mmoja alikuwa ameshika sufuria ya chai, anainama kuchota.

Nililisukuma kwa bega. Maji yalipita chini ya mabenchi mpaka kwenye viatu vya waombolezaji. Wakadhani ni uchungu wa msiba. Wakanishika mikono, wananituliza, pole baba, pole.

Nikasema kwa sauti, wasikie mpaka walioko barabarani: "Filomena hakujinywesha kitu. Sumu ilikuwa kwenye pipa hili, na mimi ndiye niliyelileta."

Paroko alitazama chini. Mzee mmoja, katika wale sita, alianza kulia kama mtoto. Alikuwa amekaa na kata yake mkononi siku ile, anasubiri zamu.

Nafikiria jambo moja na haliniachi. Wakaguzi wote wameondoka, wale wabovu na wale wachache wazuri. Ulibaki ulimi wa dada yangu. Huo ulifanya kazi yake. Wazee sita wako hai, na ukoo mzima ulioalikwa Jumapili uko hai. Pantaleo alisema mkaguzi ni mteja mwenyewe. Ni kweli, na mkaguzi huyo tumemzika leo.


Jumatatu, 23 Desemba

Nimekwenda ofisi ya afya ya wilaya. Nilivaa koti la misa. Nataka karatasi moja tu, iseme ni pipa.

Nilisubiri mpaka saa saba. Bwana afya ni mtu mzima, amechoka, si mtu mbaya. Kalenda ukutani ni ya mwaka juzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitegemea. Kisha akaeleza. Kupima pipa ni Dar. Kupeleka Dar ni gari, na gari lake liko juu ya mawe tangu Pasaka. Tena sheria ya zamani ilikuwa inahusu maghala ya ushirika. Mapipa matupu ya sokoni hayajui yako chini ya nani. Afya wanasema ni biashara, biashara wanasema ni kilimo, kilimo wamepunguzwa.

Nikamuuliza nani anaweza kumzuia Pantaleo. Akasema Pantaleo ana leseni halali ya kuuza vyombo.

Mwisho akachukua kalamu, akauliza muuzaji wa pipa hilo ni nani. Nikamwambia ni mimi. Nikakaa sawa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo tangu msibani, nilikuwa nalitaka. Aulize. Aandike. Anipeleke mbele ya mtu.

Akaiweka kalamu chini.

"Nenda nyumbani, mzee wangu. Usijitafutie kesi sikukuu."

Nimetoka nikikanyaga hewa. Siku za ushirika ningefungwa. Ningefungwa na mtu mla rushwa, kwa sababu mbovu, lakini ningefungwa.


Ijumaa, 27 Desemba

Krismasi imepita, sikula kitu.

Siku mbili natafuta walionunua. Sita. Mwalimu wa Uru alinirudishia bila ubishi, akaniombea hata. Fundi magari naye alirudisha, alikuwa anawekea vyuma tu. Wawili sikuwapata. Muuza pombe wa Njoro alinifukuza, alidhani nataka kumuuzia mwingine kwa bei kubwa zaidi. Mama wa genge alinisikiliza huku anakoroga maharage.

"Utanipa jingine?" aliniuliza.

Sina jingine. Yaliyobaki ni ndugu wa lile lile. Akaendelea kukoroga. Nilikasirika nusura nimtukane. Kisha nikaona ndoo zake mbili zilizochakaa na foleni ya wateja, nikaondoka. Mwanamke huyo hana kosa.


Jumamosi, 28 Desemba

Nimepeleka isale, jani letu la kuombea msamaha, kwa Kalisti.

Nilifuatana na baba mdogo, ndivyo inavyotakiwa, mkosaji haendi peke yake. Nililikata jani mwenyewe mpakani mwa kihamba chetu, nikalifunga fundo. Isale ikija mlangoni haikataliwi. Hata kama umeua mtu. Nimeyajua hayo tangu utoto na sikuwahi kuyafikiria.

Isale huendana na mbege. Tuliangaliana na baba mdogo. Tukaenda na jani tupu.

Kalisti alilipokea kwa mikono miwili. Macho mekundu. Amekonda. "Imekwisha, mjomba," alisema. Akaniwekea kigoda. Akamwita mjukuu anisalimie, mtoto akasema shikamoo babu, akainamisha kichwa nimguse. Nikamgusa.

Walinisamehe kwa dakika tano. Nimelia njia nzima ya kushuka. Baba mdogo alidhani ni nafuu. Si nafuu. Huu ndio mwisho wake: dada hana karatasi, mimi sina kesi, Pantaleo ana leseni. Nyumbani kwao imekwisha kwa sababu desturi inasema iishe. Kwangu haina pa kuishia.


Jumanne, 31 Desemba

Nimetoa tindo chini ya meza.

Manne yasiyouzwa, mawili yaliyorudi, na lile la dada nililolichukua msibani. Saba. Nimeyapanga mbele ya kibanda saa tano asubuhi, soko limejaa. Nyundo ya zamani. Mawili kitakoni, moja ubavuni. Mkono haujasahau. Watu walisimama. Mmoja aliuliza kama nimerukwa na akili, mwingine akasema mwache, amefiwa. Mama mmoja alinisihi nimpe angalau moja kabla sijalitoboa, alishika hata nyundo. Nikamwambia hapana mama. Leo ndiyo siku pekee mwezi huu ambayo nimesikia njaa ya kawaida.

Pantaleo alikuja kuangalia. Alisimama na mikono mfukoni. Alisema amesikitika sana juu ya dada, na nadhani kweli amesikitika. Alisema hata yeye anauziwa tu, hajui huko nyuma. Alisema nikiacha mimi wapo watatu wanaosubiri kibanda changu.

Yote kweli. Nimeyapeleka mapipa jalalani na mkokoteni.


Jumatano, 22 Januari 1997

Lori lilikuja juzi. Mapipa ya bluu, kibanda cha tatu kutoka kwangu. Yananukia ndimu.

Nimemweleza mwenye kibanda. Amenisikiliza kwa heshima. Wateja wake nimewaeleza. Siku ya pili ameniomba, kwa heshima ile ile, nisisimame karibu na biashara yake.

Mimi sasa nauza maharage.


Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda Bomang'ombe kutafuta maharage ya bei ya shamba. Nimenunua magunia mawili, mazuri, hayana wadudu.

Saa sita nikatafuta chakula. Mama mmoja nyuma ya soko, chapati na maharage, watu wengi. Pembeni ya jiko, juu ya matofali, pipa la bluu la maji. Nilijizuia kwanza. Mapipa ya bluu yako kila mahali, siwezi kuyakimbilia yote. Lakini niliona doa jekundu ubavuni, karibu na chini. Nikasogea, nikainama. Mtu ameyeyusha kandambili akaziba tundu. Nikamwomba aliinamishe kidogo. Akaliinamisha. Kitakoni mawili mengine, moja jekundu, moja la kijani.

Mpangilio wangu. Nimeutambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake.

Alinionyesha kwa fahari. Alilinunua kwa fundi mmoja wa Moshi anayeokota na kukarabati, kazi yake safi, ana mengine kadhaa.

"Halivuji, baba," alisema.

Nikamweleza. Polepole, bila kelele, kila kitu: ghala, sababu ya matundu, dada. Aliacha kusukuma chapati. Aliguswa, alisema pole. Kisha akauliza swali la haki kabisa. Kuna karatasi yoyote ya serikali inayosema hivyo? Maana wateja wake wamekunywa hapo wiki tatu na hakuna aliyeumwa.

Sina karatasi.

Basi nikamuuliza anauza bei gani. Hapo akanielewa. Akataja bei ya jipya, kwa sababu halivuji. Sikumwomba apunguze. Nimemwaga maji mwenyewe, nimelipakia juu ya magunia, nimerudi nalo.

Limesimama uani, juu ya matofali, chini ya mchirizi wa bati. Msumeno nitaazima kwa jirani asubuhi, nilikate vipande. Mengine sita yako huko, sijui yako wapi.

Jioni mvua ya kwanza ya masika imenyesha, kubwa, mpaka bati limenguruma. Mama Neema ameniita mlangoni nitazame. Pipa limejaa mpaka mdomoni. Nimezunguka na taa ya mkono, nimepapasa chini yake kwa kiganja, kati ya matofali, kote. Pakavu. Matundu yangu matatu hayatoi hata tone. Tumeingia ndani.